Ramu Mtaani: Rekodi za Eastlands, za Vitabuni na za Kubishaniwa

Buruburu, hapa Eastlands ya Nairobi, ina barabara mbili ambazo mpenda ramu akizipita bila kutabasamu, basi hajui anakokanyaga. Ya kwanza ni Mumias South Road, yenye jina la mji ulioilisha Kenya sukari kwa miongo kadhaa. Ya pili ni Rabai Road, yenye jina la nchi ya mnazi kule Kilifi. Miwa upande huu, nazi upande ule. Nanasi utalipata soko la Mutindwa, hatua chache tu kutoka hapo. Barafu, tutaona.

Ndiyo maana huwa nacheka mtu akiniambia kokteli za ramu ni mambo ya Westlands, au ya mahoteli ya Diani ambako glasi inavalishwa mwavuli wa karatasi. Vitu vyote vinavyoingia ndani ya ile glasi hupita Eastlands kwanza, kwenye magunia na mikokoteni, kabla ya kuvishwa bei. Orodha hii basi ni ya rekodi. Nyingine zimeandikwa na zina mashahidi. Nyingine ni hukumu zangu mwenyewe, na mtu wa Umoja au Kayole ana haki ya kuzipinga, mradi aje na jagi lake.

Kongwe

Rekodi za nje tuzimalize mapema. Mount Gay ya Barbados ndiyo hutajwa kuwa ramu yenye umri mkubwa kuliko zote zinazotengenezwa hadi leo. Ina hati ya mwaka 1703. Ramu kongwe zaidi iliyobaki ndani ya chupa ilitoka kisiwa hichohicho. Ilitengenezwa mwaka 1780, ikasafirishwa hadi jumba la Harewood karibu na Leeds, Uingereza, ikasahaulika ghalani hadi 2011, chupa zikiwa zimevaa ukungu na utando wa buibui. Mwaka 2013 Christie's ikazipiga mnada London. Familia ya Lascelles iliyojenga jumba hilo ilitajirika kwa sukari na watumwa. Wanunuzi walizungumzia rangi na harufu. Mimi nikiiona tarehe hiyo huwaza ni mikono ya nani iliyokata ile miwa, na kwamba wengi wao walivushwa bahari kutoka bara letu.

Kwetu miwa ya kiwandani ni mgeni wa juzi. Kiwanda cha kwanza cha sukari Kenya kilianzishwa Miwani, karibu na Kisumu, mwaka 1922, mwaka uleule ambao Kenya Breweries ilipeleka kreti zake za kwanza za bia kutoka Ruaraka hadi hoteli ya Stanley. Muhoroni ilifuata 1966, Chemelil 1968, Mumias 1973. Kila kiwanda cha sukari huacha molasi, ule uji mweusi mzito usiokubali tena kuganda kuwa chembe za sukari, na tani moja ya uji huo hutoa takriban lita 250 za spiriti. Muhoroni pana kiwanda kizima, Agro-Chemical and Food, kilichojengwa kwa kazi hiyo. Kutoka hapo hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 300, na hiyo ndiyo safari ndefu kuliko zote itakayofungwa na kiungo chochote cha jagi lako, ukiiacha nazi.

Chupa inayoshikilia taji la mtaa ni Kenya Cane, ambayo hakuna anayeiita hivyo. Ni KC. Simama nje ya duka lolote la pombe lenye grili pale Donholm au Kariobangi Ijumaa jioni usikilize: "Nipe robo ya KC," "mzinga wa KC," "iko ya nanasi?" Mkono unaingia kwenye kidirisha cha chuma na pesa, unatoka na chupa. Wazee wa Barbados wangeguna, maana spiriti yetu nyeupe haikulala ndani ya pipa la mbao miaka kumi ikingoja kupata rangi ya asali. Lakini mama yake ni miwa, na kwenye kokteli yenye ndimu na tangawizi huo ndio ukoo unaohesabika. Watanzania wana Konyagi, nayo ya molasi, asilimia 35, na kila Mtanzania niliyewahi kumuuliza kama ni jini au ni ramu amenijibu kwamba ni Konyagi.

Kali, na ya kuua

Suriname wana Marienburg, ramu ya asilimia 90. St. Vincent wana Sunset, asilimia 84.5. Zote mbili abiria haruhusiwi kupanda nazo ndege, kwa sababu kinywaji chochote kinachozidi asilimia 70 huhesabiwa kuwa hatari kama petroli. Sijawahi kuelewa mtu anatafuta nini huko. Ramu ya namna hiyo ndani ya glasi ya nanasi hulinyonga nanasi lenyewe.

Eastlands ina rekodi yake hapa, na si ya kujivunia. Chang'aa hupikwa kando ya mto Mathare, mara nyingine kwa molasi au sukari nguru, kwa hiyo kwa damu ni binamu wa ramu. Mpishi anayejua kazi yake siye tatizo. Tatizo ni mfanyabiashara anayeona njia ya mkato kwenye ngoma ya kemikali. Novemba mwaka 2000, pombe iliyotiwa methanoli iliua watu zaidi ya 100 katika Mukuru na mitaa jirani. Wengine walinusurika wakiwa vipofu. Waliiita kumi kumi, kwa bei ya glasi moja.

Methanoli haina onyo. Hunukia na kuonekana kama pombe ya kawaida, hulewesha, kisha ini huigeuza kuwa asidi inayoshambulia neva za macho, na hayo hutokea saa kadhaa baada ya mtu kujifunika blanketi akidhani ni hangova. Mtaani bado kuna wanaokuambia uwashe kijiko kimoja uone kama mwali ni wa buluu. Mtihani huo haufai kitu: methanoli nayo huwaka buluu. Kinachosaidia ni kununua chupa ambayo haijafunguliwa, yenye stempu ya ushuru, na kuikagua stempu hiyo kwa programu ya simu ya KRA inayoitwa Soma Label. Inachukua muda mfupi kuliko kungoja chenji.

Sheria ya 2010, ambayo hadi leo kila mtu huiita ya Mututho kwa jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha, ilikuja na mambo mawili yaliyogusa kila duka. Iliruhusu chang'aa itengenezwe kihalali kwa leseni. Pia ilipiga marufuku pombe kali kuuzwa kwenye kifungashio kilicho chini ya mililita 250. Robo ndiyo ikawa chupa ndogo kuliko zote kisheria, na ndiyo kipimo ambacho jagi lolote la Eastlands huanzia.

Kubwa

Mwaka 2016, kule Punta Cana katika Jamhuri ya Dominika, walitengeneza mojito ya lita 3,519. Hiyo ni kama ndoo 176 za lita 20 zilizojaa ramu, nanaa na ndimu. Hongera zao. Ukitaka kujua kwa nini rekodi hiyo haitavunjwa Eastlands, muulize yeyote anayeishi ghorofa ya nne Pipeline siku ambayo mifereji imekauka na mtungi wa maji unapandishwa ngazi kwa bega.

Ramu inayouzwa kuliko zote duniani, kwa wanaopenda kubishana, si Bacardi tena. Ni Tanduay ya Ufilipino. Tuendelee.

Kwenye kaunta

Baa za Eastlands nazipenda kwa mambo mengi: nyama inayokatwa mbele yako pale soko la Burma, muziki wa rhumba wa Jumapili, mhudumu anayekumbuka ulichokunywa mwezi uliopita. Kokteli si mojawapo. Kuna baa zilizofunguliwa kando ya Kangundo Road na Outering zenye taa za zambarau na menyu iliyowekewa plastiki, ina mojito, ina piña colada, na ukiagiza unaletewa juisi ya pakiti iliyomiminwa juu ya toti moja na kipande cha ndimu kilichokatwa mchana. Nanasi liko kibandani ng'ambo ya barabara, limeiva, linanukia hadi mlangoni mwa baa, na hakuna aliyetumwa kulinunua. Kwa uvivu, hii ndiyo rekodi kubwa ninayoijua.

Kinywaji kizuri zaidi cha ramu kwenye baa ya kawaida ya mtaani basi ni kile ambacho baa haiwezi kukiharibu: Captain Morgan na Stoney Tangawizi. Unaletewa toti, unaletewa soda ikiwa na jasho la friji, unachanganya mwenyewe. Watu wa Bermuda hunywa kitu hichohicho, ramu nyeusi na soda ya tangawizi, wamekifanya nembo ya kisiwa na kampuni yao imesajili jina lake. Sisi hatukukisajili. Kamulia ndimu kama ipo. Ukipewa mrija, uweke kando.

Busara kubwa kuliko zote iliyowahi kuonyeshwa nyuma ya kaunta ni ya Donn Beach, Mmarekani aliyefungua baa Hollywood akaibuni Zombie mwaka 1934. Ndani yake aliweka ramu za aina kadhaa, juisi zikauficha ukali, akatangaza kwamba mteja hatauziwa zaidi ya glasi mbili. Hapa kwetu sijaona mwenye baa anayekataa pesa, ila nimewaona wahudumu wa kike wakiwahamishia wateja kwenye soda kimyakimya baada ya saa nne, na mteja akilipa bila kujua.

Halafu kuna dawa. Hii ndiyo kokteli ya Kenya iliyoigwa kuliko nyingine yoyote, nayo ilipata umaarufu Carnivore, mkahawa uliofunguliwa Lang'ata mwaka 1980: vodka, ndimu iliyopondwa, sukari, barafu, na kijiti kilichochovywa kwenye asali ambacho unakoroga kadiri unavyotaka utamu. Mtu wa Brazil akiionja ataitambua. Ni caipirinha iliyovaa shuka, isipokuwa caipirinha hutumia cachaça, pombe ya maji ya miwa. Kwa hiyo ukiitoa vodka ukatia KC, unakuwa umeirudisha kwao. Naiona hii kuwa kokteli bora ya kuanzia kwa mtu yeyote, maana haihitaji blenda. Asali ya Kitui, ndimu mbili, mwiko wa kupondea. Jina pia linafaa: mkwe akikukuta jikoni na kuuliza unatengeneza nini, hujamdanganya.

Ukame mrefu kuliko wote

Machi 2020 baa zote za Kenya zilifungwa kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa hadi mwisho wa Septemba. Zaidi ya miezi 6. Machi 2021 baa za Nairobi na kaunti nne nyingine zikafungwa tena hadi mwanzo wa Mei. Kabla ya hapo, kunywa nyumbani Eastlands kulikuwa na sura ya aibu kidogo, kama mtu aliyekosa marafiki au aliyekosana nao. Baada ya hapo kila ploti ilikuwa na mtaalamu wake. Blenda zilizonunuliwa kwa ajili ya uji wa mtoto zikapewa kazi ya pili. Vijana waliozoea kuteremsha KC na Coke wakagundua kwamba mama mboga wa chini ya ngazi ana kila kitu: nanasi, pasheni, embe msimu ukifika, tangawizi mbichi, ndimu, hata nanaa ukimwambia siku moja mapema alete kutoka soko la Wakulima.

Naweka mkono kifuani: kokteli bora za ramu Eastlands hutengenezwa nyumbani, na mama mboga ndiye sababu. Hakuna baa iliyo karibu na tunda lililoiva kuliko nyumba yako.

Jagi lenyewe ninalolitetea ni hili. Chagua nanasi zito lenye harufu kwenye kitako. Lisilonukia chini halitanukia kwenye glasi. Limenye, lakini maganda usiyatupe. Yaoshe, yachemshe na tangawizi iliyopondwa hadi jikoni kote kunukie, kisha yachuje na uache maji yapoe kabisa. Nusu ya nanasi saga, nusu katakata. Changanya na maji yale ya maganda, kamulia ndimu nne, onja kabla ya kutia sukari kwa sababu nanasi la Thika lililoiva halihitaji. Robo moja ya KC inatosha jagi la watu sita. Watakuja wa kusema ni kidogo. Wape glasi wanyamaze. Ukali wa tangawizi hufanya kazi ambayo wengi hudhani ni ya pombe, na kesho yake hakuna anayetafuta Panadol.

Barafu sasa. Ndiyo kiungo adimu kuliko vyote mtaani, kwa sababu inahitaji vitu viwili ambavyo havipendi kukutana siku moja: maji na stima. Anayejipanga hugandisha usiku wa kuamkia Jumamosi kwenye makopo ya Blue Band, maana donge kubwa huyeyuka polepole kuliko vipande vidogo, halafu hulivunja kwa mchi ndani ya taulo. Barafu iliyojaa glasi hadi juu huyeyuka taratibu kuliko vipande viwili vitupu. Wanaoibania barafu ndio wanaokunywa maji.

Ya polepole zaidi

Piña colada ilibuniwa San Juan, kwenye hoteli ya Caribe Hilton, mwaka 1954, na mhudumu wa baa aitwaye Ramón Marrero. Mwaka 1978 Puerto Rico ikaitangaza kinywaji chake cha taifa. Siri ilikuwa krimu ya nazi ya mkebe, iliyookoa muda. Eastlands mkebe huo ni ghali, basi unarudi kwa njia ndefu: nazi kutoka Gikomba, mbuzi wa kukunia aliyeazimwa kwa jirani mwenye asili ya Pwani, machicha, chujio, tui zito la kwanza pekee. Tui la pili liwekee wali. Mimina lile la kwanza juu ya nanasi lililogandishwa, tia KC ya kawaida badala ya ile ya ladha ya nazi, saga, nyunyiza kungumanga juu. Ni kazi ya saa nzima kwa glasi inayokwisha kabla kipindi cha kwanza cha mechi ya soka ya Gor na Ingwe hakijaisha. Inastahili. Ile ya kwenye menyu ya taa za zambarau na hii hazina undugu wowote.

Rahisi kodini

Tangu mwisho wa 2024 ushuru wa pombe Kenya hukatwa kwa kiasi cha alkoholi halisi: shilingi 10 kwa sentilita kwa pombe kali, shilingi 22.50 kwa bia. Piga hesabu. Robo ya asilimia 40 ina sentilita 10 za alkoholi, ushuru shilingi 100. Bia ya nusu lita ya asilimia 4.2 ina sentilita 2.1, ushuru shilingi 47 na senti. Yaani alkoholi iliyo ndani ya chupa kali hulipiwa chini ya nusu ya ile iliyo ndani ya bia. Ndiyo sababu moja ya jagi la ramu la watu sita kuwashinda bei wenzao walioagiza kreti. NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi, hawataipigia makofi hesabu hii, nami sitawalaumu.

Zilizo nyingi kuliko zote

Ukihesabu glasi badala ya pombe, bingwa wa kokteli Eastlands ni Eastleigh, na hakuna tone la ramu ndani yake. Ingia duka lolote la juisi karibu na First Avenue uagize kokteli: utaletewa glasi ndefu yenye tabaka, avokado chini, embe katikati, pasheni juu, kila rangi imekaa mahali pake. Anayeimimina huinamisha glasi na kuteremsha juisi juu ya mgongo wa kijiko, ustadi uleule ambao baa za mjini hutoza bei ya chakula cha mchana. Majengo na Pumwani wanayo pia. Siku za Ramadhani, jua likizama, sidhani kuna baa yoyote Nairobi inayoweza kushindana na foleni hiyo.

Fupi

Na iliyo fupi kuliko zote ni ya mkokoteni. Daiquiri, ile ya Cuba iliyoanza karibu na Santiago mwishoni mwa karne ya 19, ni vitu vitatu: ramu, ndimu, sukari. Mwenye mashine ya miwa Jogoo Road hupitisha bua mara mbili, mara tatu kwenye roli, akiwa amelikunja na kipande cha tangawizi na ndimu nzima katikati, na kinachotoka kimeshakuwa vitu viwili kati ya vitatu, kibichi, cha kijani, chenye povu. Beba chupa yako safi, kimbia nayo nyumbani, barafu, KC kidogo, umemaliza. Juisi hiyo usiiweke. Baada ya saa moja rangi imeanza kuwa ya udongo, na ukiisahau mezani hadi kesho itakuwa inatoa mapovu yenyewe. Wazee wa Kikuyu hawakuiona hiyo kuwa hasara: waliyatia maji ya miwa tunda lililokaushwa la mwegea, wakayaacha karibu na moto siku chache, wakapata muratina, ambayo mpaka leo, kwenye ruracio, sherehe za mahari, za Dandora na Kayole, hutangulia kumiminwa kabla mtu hajafungua mzinga wowote.